Ndege Mwenye Jina la Baba Mkwe

Asubuhi Bibi Getruda alipolitaja jina la baba mkwe wake kwa sauti, mbele ya watu, Selina aliiachia sufuria na uji wote ukamwagika uwanjani. Bibi hakuwa ametukana mtu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba yake, miguu ameinyoosha juani, na mjukuu wake Evelina alikuwa akimkata kucha. Ndege akaimba kwenye ua wa minyaa. Bibi akainua kidole, akacheka kama mtoto aliyeonyeshwa kitu kizuri, akasema:

"Katuluti huyo."

Selina, mke wa mwanawe wa mwisho, alikuwa na mimba iliyokwisha kuwa kubwa. Mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika. Aliutazama uji ukinywewa na mchanga, akashika tumbo lake kwa mikono yote miwili, akaingia ndani.

Katuluti lilikuwa jina la mzee aliyeujenga mji ule, baba wa marehemu Paulo, mume wa Bibi. Kaburi lake lilikuwa nyuma ya michungwa, na la Paulo pembeni yake. Kwa desturi ya ukoo ule, mwanamke aliyeolewa pale hatamki jina la baba mkwe, awe hai au awe chini ya udongo. Siku hizi desturi hiyo imelegea, na wasichana wanaoolewa kutoka Nansio mjini huicheka. Lakini haijafa. Hulala tu, kisha mtu akiugua au mimba ikitoka, huamka na kukaa katikati ya nyumba kama mgeni aliyekuja kudai haki yake.

Evelina alijua jambo moja ambalo Selina na mumewe hawakulijua. Katuluti lilikuwa jina la ndege kabla halijawa jina la mtu.

Alilijua kwa sababu alilelewa na Bibi tangu baba yake alipofariki, na aliacha shule akiwa darasa la tano Bibi alipoanza kuanguka anguka, maana hapakuwa na mtu mwingine wa kukaa naye. Wakati huo akili za Bibi zilikuwa bado kali. Walipokuwa wakimenya muhogo alimsimulia jinsi alivyokuja pale akiwa mwali, kutoka upande wa pili wa kisiwa. Kwao ndege yule mwenye kifua cha rangi ya chungwa na nyusi nyeupe aliitwa Katuluti na kila mtu, wakubwa kwa wadogo. Siku ya kwanza ya ndoa yake ndege akaimba, naye akamtaja, kama ambavyo mtu angemtaja kuku au mbuzi. Mama mkwe akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, akamwambia jina hilo aliache njiani alikotoka. Hapa wake wanamwita Mwasha-jiko, kwa kuwa huimba saa wanapowasha moto.

Na ndivyo ilivyokuwa kila mahali, Bibi alieleza. Ng'ambo ya majabali yale, kwenye mji wa jirani, walimwita Mwiga-wenzake, maana huiba nyimbo za ndege wengine akaziimba kama zake. Nao walikuwa na mkwe wao wa kumheshimu, aliyebeba jina la ndege huyo. Kwingine walimwita Nyusi-nyeupe. Mtoto hunyonya maneno pamoja na maziwa, kwa hiyo watoto wote wa mji ule walikua wakijua Mwasha-jiko, wavulana kwa wasichana. Wanaume hawakukatazwa jina la zamani, ila hawakufundishwa na mtu. Yeremia, huyo mume wa Selina, alikuwa mtu mzima mwenye mtumbwi wake na nyavu zake, na kwake Katuluti alikuwa babu yake aliyelala nyuma ya michungwa, basi.

Kwa hiyo Selina alipomwambia mumewe kwamba Mama anamwita marehemu mchana kweupe, Yeremia aliamini hivyo hivyo.

Kama lingekuwa jambo la siku moja lingepita. Lakini akili za Bibi zilikuwa zikirudi nyuma, na zilikuwa zimerudi mbali. Zilipita uzee, zikapita ujane, zikapita ndoa yenyewe, zikafika kwao, upande wa pili wa kisiwa, kwenye shamba la mtama ambako wasichana walikaa juu ya majabali kufukuza ndege. Pale ndipo zilipotua. Alimwita Evelina Kokushubira, jina la dada yake aliyekufa zamani, na Evelina akaitika. Aliokota vijiwe akavirusha kwenye ua. Alijua ndege wote, kila mmoja na jina lake la kwao: yule mweusi wa mkia mrefu, yule mdogo wa njano, yule anayelia kama mtu anayegonga bati. Majina mengine Evelina hakuwahi kuyasikia, na mengine hakuweza hata kuyatamka vizuri. Bibi alimcheka ulimi wake mzito.

Yeremia naye hakusalimika. Bibi hakumjua kwamba ni mwanawe. Alimwona kijana wa nyavu anayepita pita, na kila alipopita na tumbo lake mbele alimtania.

"Wewe kijana, hilo tumbo ni lako au umelibebea mtu?"

Yeremia alicheka, hata Selina alicheka siku hizo. Evelina alipokumbuka baadaye, aliona kwamba hapo mwanzoni, kabla ya yote, walikuwa wamefurahi.

Baada ya uji kumwagika kicheko kilikatika. Selina aliacha kupita mbele ya nyumba ya Bibi. Alizunguka kwa nyuma, mtandio kichwani, na Evelina alipomsalimia shikamoo mama mdogo alijibu marahaba bila kugeuka. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mtu aliyewahi kuzika mara mbili vitu visivyokuwa na jina, na safari hii alitaka kumbeba mtoto wake hadi mwisho. Yeremia alipiga simu Mwanza kwa dada yake Prudencia, aliyekuwa amepanga vyumba viwili Mkolani na kuuza vitenge. Prudencia alisema mama yake aletwe tu, yeye hana mkwe wa kumwogopa. Akaongeza kwa utani kwamba Mkolani ndege pekee ni kuku wa mwenye nyumba, na hao jina lao linajulikana. Yeremia hakucheka. Alimwita mzee Kashaija.

Mzee Kashaija alikuwa binamu wa marehemu Paulo, na kwa umri ndiye aliyebaki kuamua mambo ya ukoo. Alikuja na bodaboda, akakalishwa chini ya paa la baraza, akasikiliza. Evelina alileta maji ya kunawa. Alikuwa msichana wa kuinamisha macho. Mbele ya wageni sauti yake ilishuka mpaka ikawa kama ya mtu anayesali peke yake. Lakini aliposikia mzee akisema kwamba Bibi avushwe kwenda Mkolani, na kwamba mke aliyelichezea jina la mzee wa mji hawezi kuzikwa jirani naye, aliuweka mtungi chini.

Kwa maana Bibi alikuwa na ombi moja tu katika maisha yake. Alilisema akiwa na akili timamu, tena mara nyingi: asizikwe ugenini. Alipalilia kaburi la Paulo kwa mikono yake, akaacha nafasi pembeni, akapanda maua ya kuonyesha kwamba mahali pale pana mwenyewe. Na kwa yule msichana mdogo aliyekuwa sasa ndani ya kichwa cha Bibi, hata Nansio ilikuwa mbali. Kumpandisha kivuko, kumfungia kwenye vyumba vya Mkolani visivyo na ua wala majabali, ilikuwa ni kumzika kabla ya siku zake.

"Babu," alisema Evelina. "Ni ndege. Anamtaja ndege."

Yeremia alishangaa kumsikia. Mzee Kashaija alimtazama kwa upole, kama mtu anayetazama mtoto aliyejikwaa.

"Mjukuu wangu, najua ni ndege. Mimi nimemtega nikiwa mdogo. Lakini mke wa mji huu hana ndege huyo."

Evelina aliuinua mtungi wake. Alikuwa amejiandaa kumfundisha mtu asiyejua, na mtu alijua zaidi yake. Mzee aliendelea na mazungumzo, akasema hataki kuonekana ana haraka na mama wa watu. Atarudi mtama ukishakatwa. Akimkuta Getruda ametulia, mama huyo atabaki. Akimkuta vile vile, Prudencia ampokee huko huko na amtunze hadi mwisho.

Tangu siku ile Evelina alianza kazi yake.

Kila ndege alipoimba, alikaa mbele ya Bibi akawahi kusema: Mwasha-jiko. Bibi alisema: Katuluti. Evelina alirudia, taratibu, kama mwalimu wake wa darasa la kwanza alivyokuwa akifanya. Bibi aliona ni mchezo. Alijibu kwa nguvu zaidi, akapiga makofi, na Selina kule jikoni akafunga dirisha. Evelina alijaribu kumvutia kwa miwa. Alijaribu kumpeleka upande wa ziwani ndege anapoimba, lakini ndege wa aina ile walikuwa huko pia. Siku moja, kwa hofu, aliweka kiganja chake juu ya mdomo wa Bibi. Alisikia pumzi ya joto na midomo ikiendelea kusema chini ya vidole vyake. Akautoa mkono, akaona haya.

"Kwa nini hutaki nimtaje?" Bibi aliuliza. "Kokushubira, amekukosea nini?"

Evelina alifikiri. Hakuwa na namna ya kumweleza mkwe ni nini mtoto asiyejua kwamba ataolewa. Halafu jibu likamjia, na kwa kuwa lilikuwa la kweli hakuona ubaya wake.

"Bibi, wewe umeolewa. Hapa ni kwa wakwe zako."

Bibi aliacha kucheka. Aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena. Aliuangalia ua, nyumba ya Yeremia yenye bati jipya, michungwa. Alikuwa kama mtu aliyeamshwa kwenye gari akakuta limepita kituo chake.

"Lini?" aliuliza.

"Zamani kidogo."

"Na mama alikubali?"

Evelina alisema ndiyo, alikubali.

Siku iliyofuata Bibi alikuwa amesahau, akamtaja ndege kama kawaida. Evelina akamwambia tena kwamba ameolewa, kwamba hapa ni kwa wakwe. Safari hii Bibi aliziba mdomo mwenyewe, haraka, akatazama mlangoni kama kuna mtu amesikia. Evelina alimkumbatia akamwambia hakuna tatizo, hakuna aliyesikia. Moyoni alishukuru. Njia ilikuwa imepatikana. Aliirudia kila asubuhi, kwa sauti ya upendo, huku akimpaka mafuta miguuni, na kidogo kidogo jina la zamani likapungua, kisha likawa halisikiki. Ndege alipoimba Bibi alisema Mwasha-jiko, chini chini, macho yakiwa kwenye mkeka. Majina ya ndege wengine nayo yalikwenda. Evelina hakuyaona yakiondoka. Siku moja tu aligundua kwamba yule wa kugonga bati amelia mchana kutwa na hakuna mtu aliyemtaja.

Mtama ulikatwa. Mzee Kashaija alirudi. Alipoingia uwanjani Bibi alishuka kutoka kwenye mkeka akapiga magoti mchangani, kichwa ameinamisha, na kumwamkia kwa Kikerewe cha kale, maamkizi marefu ambayo mwali huyatoa kwa wazee wa mume. Mzee alisimama. Alikuwa hajaamkiwa hivyo tangu mama zake walipokufa, na machozi yalimlenga. Alikaa pale hadi ndege akaimba, akasikiliza, akasikia Mwasha-jiko likisemwa kwa nidhamu, akamwambia Yeremia:

"Mwacheni. Huyu ni mke wa mji huu."

Selina alijifungua salama hospitalini, mtoto wa kike mwenye kilio cha nguvu. Aliporudi kutoka Nansio alimleta mtoto moja kwa moja kwenye mkeka wa Bibi, akamwekea mapajani, akamshukuru Evelina mbele ya watu. Yeremia alileta sato mkubwa, akasema leo Evelina asipike. Prudencia alipiga simu kwa furaha, akauliza sasa atawafanyia nini wale kuku wa mwenye nyumba waliokuwa wakimsubiri mgeni. Evelina alicheka na wenzake. Lile alilokuwa akilipigania alilipata: Bibi atakaa kwake, na siku ikifika atalala pale palipo na maua.

Ila Bibi alikuwa amekwama. Akili zake zilikuwa zikirudi nyuma bila kumwumiza, zikamfikisha mahali alipokuwa huru, na Evelina alikuwa amezivuta mbele na kuzifunga katika mwaka ule wa kwanza wa ndoa. Mwaka huo Bibi hakuwahi kumsimulia walipokuwa wakimenya muhogo. Alikuwa akiuruka. Sasa Evelina aliuona wote. Aliona mwali anayeamka kabla ya watu na kutafuta ufagio kwa kupapasa ukutani. Aliona mwali asiyekula akiwa anatazamwa, anayeficha tonge kwenye upindo wa kitenge, anayeshtuka akisikia kikohozi cha mwanamume. Yeremia alikuwa na kikohozi cha watu wa ziwani, na inaonekana babu yake alikohoa vile vile. Kila alipokaribia Bibi alijificha nyuma ya mlango. Kama hakuwahi, alipiga magoti. Magoti yake yalikuwa mabovu, yakaanza kuchubuka.

Hakumwita tena Evelina jina la dada yake. Alidhani ni mwali mwenzake, mke wa shemeji.

"Wewe wamekuruhusu kwenda kwenu?" alimnong'oneza siku moja. "Mimi bado. Nimeuliza, wakanyamaza."

Evelina alijaribu kumrudisha. Akamwambia hajaolewa, yeye ni mtoto, wako shambani wanafukuza ndege. Bibi alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mwenzake aliyeanza kuchanganyikiwa. Evelina akajaribu kumpeleka mbele badala ya nyuma: akamwambia wakwe wamekufa wote, Bibi ni mzee sasa, ana watoto, ana wajukuu. Bibi akalia, kwa sauti ndogo, akidhani anapewa habari za msiba wa mji mzima kwa mkupuo.

Yeremia alivumilia kwa muda. Mwanzoni alidhani ni heshima tu. Lakini hakuna mtoto anayeweza kumzoea mama yake akiwa magotini mbele yake kila siku. Aliacha kupita na nyavu uwanjani. Akaanza kukohoa kwenye kiganja. Asubuhi moja alimkuta Evelina akimwosha Bibi vidonda vya magoti ndani ya nyumba, akasimama mlangoni kwa pembeni asionekane, akamwita kwa mkono. Alikuwa hajalala vizuri.

"Mrudishe kule alikokuwa," alisema. "Kule alikokuwa ananicheka tumbo."

"Sijui njia, baba mdogo."

"Si ulimtoa wewe?"

Hakusema kwa ukali. Evelina aliinamisha macho. Alitaka kumwambia kwamba alimtoa ili wasimpeleke Mkolani, na kwamba Yeremia mwenyewe alikuwa mmoja wa waliotaka kumpeleka. Yote hayo Yeremia aliyajua. Akarudi ndani kumalizia kuosha vidonda.

Yeremia alingoja Bibi atolewe nje kuota jua. Selina alikuwa akinyonyesha kwenye baraza, naye akaacha kumwimbia mtoto. Ndege alikuwa kwenye minyaa, akiimba wimbo wake, halafu wa ndege mwingine, halafu wake tena. Yeremia akaenda mbele ya mkeka. Bibi akaanza kushuka ili apige magoti. Yeremia akachuchumaa haraka ili awe chini kuliko mama yake, lakini Bibi akainama zaidi, hadi paji la uso likakaribia mchanga.

"Mama," alisema Yeremia. Alionyesha kwenye ua. "Yule ni Katuluti. Sema tu. Mimi mwenyewe nimesema. Sema hata mara moja."

Bibi alijifunika uso kwa kitenge.

"Nisamehe, baba," alisema ndani ya nguo. "Nilikuja nalo kutoka kwetu. Sitarudia."

Selina aligeukia ukuta. Yeremia alibaki amechuchumaa, mkono wake bado umeelekea kwenye minyaa, na Evelina akaona jinsi alivyokuwa anautafuta uso wa mama yake chini ya kitambaa, wala hakuupata. Evelina alimshika Bibi kwapani ajaribu kumwinua. Bibi alikataa. Mwali hainuki mbele ya mkwe mpaka mkwe ameondoka.

"Nenda, baba mdogo," Evelina alisema, na safari hii sauti yake ilisikika hadi barazani. "Hatainuka ukiwa hapa."

Yeremia aliinuka. Njia ya kwenda ziwani ilipita mbele ya mkeka, lakini hakuifuata. Alizunguka nyuma ya nyumba, akapita kati ya makaburi na michungwa, polepole, huku akikizuia kikohozi.